Bluu ikipotea si lazima mate yamefanya kazi: jaribio la vimeng'enya na jinsi iodini inavyotudanganya

Mwalimu_Kaskazini

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi huu ni wa walimu wa bayolojia, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na yeyote anayejiandaa na mtihani wa vitendo. Ni mrefu, jitilieni chai.

Tuanze na jaribio ambalo kila skuli hapa Pemba na Unguja inalifanya: mate na wanga. Mate yana kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kuvunjika kwa wanga kuwa sukari, na iodini ikikuta wanga inageuka bluu-nyeusi. Kundi linachanganya mate na wanga kwenye testi tyubu tatu. Moja inakaa barafuni, moja kwenye maji ya nyuzi 37, moja kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya dakika kumi wanatonesha iodini. Ya barafuni inageuka bluu-nyeusi, sawa. Ya nyuzi 37 inabaki na manjano ya iodini yenyewe, sawa. Ya kwenye maji yanayochemka nayo inabaki manjano! Hapo utawaona wanaangaliana. Mmoja anaandika haraka haraka kwamba kimeng'enya kinapenda nyuzi 100. Mwengine, ambaye amekwisha kukariri kitabuni kwamba moto unakiharibu kimeng'enya, anaandika "bluu-nyeusi" na huku macho yake yanaona manjano. Mimi huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi. Wa kwanza angalau ameripoti alichokiona.

Sasa, kwa nini bluu haikutokea? Sababu ziko mbili, na ni tofauti kabisa.

Ya kwanza haihusiani na kimeng'enya. Sehemu ya wanga inayoitwa amilosi ni mnyororo mrefu uliojisokota, na bluu tunayoiona inatokea pale iodini inapoingia ndani ya ule msokoto. Ukiupasha moto, msokoto unalegea, iodini inatoka, rangi inakwenda zake. Ukipoa, rangi inarudi. Kamtieni iodini wanga mtupu, bila hata tone la mate, mpate bluu nzito. Ipasheni testi tyubu juu ya jiko la spiriti, mtaiona bluu inafifia mpaka inakwisha. Itieni kwenye kopo la maji ya baridi, bluu inaanza kurudi kutoka pembeni, pale kioo kinapogusa maji. Msiichemshe muda mrefu tu, maana iodini yenyewe inaruka na mvuke na haitorudi.

Sababu ya pili ni ya kimeng'enya kweli. Watu wanachanganya mate na wanga kwanza, halafu ndio wanaitia sufuriani. Mchanganyiko haufiki nyuzi 90 kwa mara moja. Unapita 35, 40, 45, na njiani humo amilesi, yaani kile kimeng'enya cha mate, inafanya kazi kwa kasi kubwa kabla haijaharibika. Amilesi haihitaji muda mrefu, na kama wanga ni mwepesi na mate ni mengi, inaweza kuumaliza kabla maji hayajaikamata.

Utazitenganisha vipi? Poza testi tyubu chini ya bomba, halafu tonesha iodini. Ikitokea bluu, wanga ulikuwepo muda wote na joto ndilo lililoficha rangi. Isipotokea, umeliwa njiani. Na dawa ya hili la pili ni kuchemsha mate peke yake dakika tano, wanga nao upashwe peke yake, halafu ndio vikutanishwe.

Tukimaliza hili la joto nitakuja kwenye asidi na alikali, huko ndiko kwenye balaa.

Binti_Mkoani

Waalaykum salaam mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Hilo la bluu kurudi nimelifanya leo na mwalimu wetu amekubali tulifanye kila kundi. Imerudi kweli. Suali langu: sisi kwenye asidi tulitumia ndimu na kwenye alikali tukatumia magadi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Zote mbili bluu haikutokea. Mwalimu akasema tumekosea kupima. Tumekosea wapi?

Fundi_Maabara

Binti, hamjakosea kupima. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C inaigeuza iodini kuwa ayodidi, ambayo haina rangi na haiupi wanga bluu. Hata ungetia ndimu kwenye wanga bila mate, tone la kwanza la iodini lingepotea mbele ya macho yako. Ukiendelea kutonesha, vitamini C ikiisha, bluu inatokea. Watu wa kemia wanatumia njia hiyo hiyo kupima vitamini C kwenye matunda.

Magadi nayo ni alikali kali kiasi, na iodini kwenye alikali inavunjika ikawa vitu visivyo na rangi. Kwa hiyo kwenye testi tyubu zenu zote mbili, wanga ulikuwepo, iodini ndiyo iliyokufa.

Mwalimu_Kaskazini

Fundi amenimalizia kazi. Nataka niongeze jambo moja tu, na kwangu ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: kila testi tyubu yenye kimeng'enya iwe na pacha wake asiye nacho. Si pacha mmoja wa jaribio zima. Ukiwa na ya barafuni, na pacha wake barafuni. Ya ndimu, na pacha wake wa ndimu. Badala ya mate unatia mate yaliyokwisha kuchemshwa na kupozwa, kiasi kile kile. Pacha akipoteza bluu, matokeo ya mwenzake hayana maana, hata yakiwa mazuri namna gani.

Skuli nyingi zinafanya kontroli moja ya maji na wanga, kwenye joto la chumba, halafu inatumika kuhukumia testi tyubu sita zilizokaa katika hali sita tofauti. Haitoshi.

Kwa asidi tumieni siki nyeupe badala ya ndimu. Siki haiigusi iodini. Kwa alikali tumieni soda ya kuokea, yenye pH (kipimo cha asidi na alikali, 7 ni katikati) ya 8 na kitu, iodini inaivumilia. Mkitaka magadi lazima, basi kabla ya iodini tieni matone ya siki mpaka povu liishe, ndio mpime.

Ustadh_Hesabu

Samahanini, mimi nafundisha hesabu lakini nimewahi kushikishwa bayolojia kwa sababu ya upungufu wa walimu. Hivi hamuoni mnawachanganya watoto? Mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania unataka majibu yanayojulikana. 37 kazi nzuri, baridi polepole, moto imekufa. Mtoto akianza kueleza habari za msokoto wa amilosi atamaliza muda.

Mwalimu_Kaskazini

Ustadh, hoja yako naielewa, na sitaki mtoto apoteze alama. Lakini mtihani wa vitendo unampa mtahiniwa vimiminika na kumwambia ajaze jedwali: alichofanya, alichokiona, anachohitimisha. Aliyezoea kuandika kitabu badala ya alichokiona ataumbuka siku vimiminika vikija vimebadilishwa nafasi. Na aliyepoza testi tyubu yake kabla ya kupima atapata jibu lile lile la kitabu unalolitaka wewe, tena kwa haki. Kupoza ni sekunde chache. Hakuna muda unaopotea.

Ustadh_Hesabu

Hilo la kupoza nalikubali. La mapacha wa kila testi tyubu, kwa skuli yenye testi tyubu ishirini na wanafunzi sitini, labda mtuazime.

Fundi_Maabara

Ha ha. Gaweni kazi. Kundi moja lifanye joto, jengine asidi, jengine kiasi cha kimeng'enya, halafu matokeo yaandikwe ubaoni kwa wote. Na vikombe vidogo vyeupe vya kahawa vinafaa badala ya testi tyubu kwenye kila jaribio lisilohitaji moto mkali.

Niseme na hili la "joto la chumba". Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, chumba chao kina nyuzi 20. Maabara ya Chake mchana wa Februari ina 30 na zaidi. Mwanafunzi anategemea kuona tofauti kubwa kati ya joto la chumba na 37, haoni kitu, kwa sababu baada ya dakika kumi zote mbili zimekwisha kazi zamani. Ukipima mara moja mwishoni huwezi kujua nani alitangulia.

Njia nzuri ni kigae cheupe. Panga matone ya iodini safu safu kwenye kigae. Kila baada ya nusu dakika chukua tone moja la mchanganyiko, lidondoshe kwenye tone la iodini. Mwanzo bluu-nyeusi, halafu zambarau, halafu wekundu wa udongo, mwisho inabaki manjano ya iodini. Andika muda wa tone la kwanza lisilobadilika. Hapo una namba ya kulinganisha, na ukigawa moja kwa muda huo unapata kasi, ya kuchorea grafu. Wale wekundu wa katikati ni vipande vya wanga ambavyo havijafika kuwa sukari, usiwaruke.

Zuri jengine la kigae ni kwamba tone likigusa kigae linapoa pale pale, kwa hiyo ule udanganyifu wa joto unapungua sana.

Mtoto_wa_Ng'ambo

Barafu mnapata wapi? Skuli yetu haina friji, na friji ya ofisi imejaa maji ya kunywa ya walimu.

Binti_Mkoani

Sisi tunanunua ile ya mifuko kwa jirani anayeuza, au diko, kwa wauza samaki. Ya diko ina chumvi na harufu, lakini inakaa nje ya testi tyubu.

Mwalimu_Kaskazini

Barafu ina kazi moja kubwa ambayo watu wanaiacha. Jaribio likiisha, itoeni testi tyubu ya barafuni muitie kwenye maji ya 37, pamoja na ile ambayo mate yake yalichemshwa peke yake kwanza. Ngojeni dakika kumi, mchukue tone kutoka kila moja mpime kigaeni. Ya barafuni sasa wanga umekwisha. Iliyochemshwa bado bluu. Hapo ndipo mwanafunzi anaona tofauti ya kimeng'enya kilichopooza kwa baridi na kilichoharibika umbo kwa moto. Zote mbili mwanzo zilitoa bluu, na kwenye mtihani suali la "eleza tofauti" linapenda sana kukaa hapo. Msitie iodini ndani ya testi tyubu yenyewe kabla ya hatua hii, mtaharibu.

Bi_Mkubwa_wa_Jiko

Mimi si mwalimu, nimeletwa hapa na mwanangu. Mnasema moto unaua hichi kimeng'enya. Mbona sisi pweza tunampika na papai bichi analainika, na chungu kinachemka?

Mwalimu_Kaskazini

Shikamoo Bi Mkubwa. Suali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinaitwa papeni, kazi yake kukata protini. Papeni inastahamili joto kuliko amilesi ya mate, inafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 60 na kitu, ambako amilesi ya mate imekwisha kuharibika. Kwa hiyo wakati chungu kinapanda joto polepole, papeni iko kazini. Kikishachemka sawasawa inakufa, na kulainika kunakoendelea baada ya hapo ni kwa moto wenyewe. Ukitupia papai kwenye chungu kinachotokota tayari, utakuwa umelipoteza papai lako. Na papai lililoiva halifai, papeni yake imepungua sana.

Bi_Mkubwa_wa_Jiko

Marahaba. Ndio maana mama alikuwa akimpaka kwanza halafu akimwacha kidogo kabla ya kumbandika. Haya, endeleeni.

Karafuu_Tupu

Wapemba tupo. Je, karafuu? Nilisikia zinazuia vimeng'enya. Nataka niifanye mradi wa skuli.

Fundi_Maabara

Karafuu ina tanini nyingi, na tanini hushikana na protini, na kimeng'enya ni protini, kwa hiyo wazo lako lina mashiko. Tatizo lako litakuwa lile lile la ndimu. Maji ya karafuu ni ya rangi ya chai ya rangi na yana vitu vinavyoinywa iodini. Pacha asiye na mate ndiye atakayekwambia. Kama pacha anapoteza bluu, achana na iodini, fanya mradi wako kwa maini na haidrojeni peroksaidi, maana ini lina kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi na kutoa povu, halafu upime urefu wa povu kwa rula.

Karafuu_Tupu

Peroksaidi ya dukani, ile ya kusafishia vidonda?

Fundi_Maabara

Hiyo hiyo, asilimia 3. Iwe mpya na ikae kwenye chupa yake ya rangi, mwanga unaivunja. Kipande cha ini kibichi kama punje ya mahindi, mililita mbili za peroksaidi, tone la sabuni ya maji, povu linapanda. Ini lililochemshwa halitoi kitu. Kijiti chenye kaa ukikiingiza juu ya povu kinashika moto, hiyo ni oksijeni. Mbatata mbichi pia inafaa ikiwa ini limepanda bei, lakini povu lake ni dogo na la polepole. Hakikisha vipande vinalingana, maana ini lililosagwa linatoa povu kwa kasi kuliko kipande kizima, na utadhani ni karafuu kumbe ni kisu. Na usitegemee barafu ikuoneshe tofauti kubwa hapa. Kimeng'enya hiki, katalesi, baridi haikizuii sana.

Mtoto_wa_Ng'ambo

Mate ya rafiki yangu yanamaliza wanga haraka kuliko yangu, tumerudia mara kadhaa, ni hivyo hivyo. Kuna kosa?

Mwalimu_Kaskazini

Si lazima liwe kosa. Watu wanatofautiana idadi ya nakala za jeni inayotengeneza amilesi ya mate. Utafiti uliotoka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zinazokula kidogo, na mbili kati ya jamii hizo ni za Tanzania: Wahadza, wanaokula sana mizizi, na Wadatoga, wafugaji. Kwa wastani wanaokula wanga mwingi walikuwa na nakala nyingi zaidi. Lakini usikimbilie huko kwanza. Angalieni nani alikunywa maji kabla, nani mate yake yana povu tu, nani alikula. Kwa jaribio la darasa changanyeni mate ya mtu mmoja na maji, mtumie hayo hayo kundi zima, na mwenye mate hayo ndiye ayashughulikie na kuosha vyombo.

Na tieni chembe ya chumvi ya jikoni kwenye maji ya kuchanganyia. Amilesi ya mate inahitaji ioni za kloraidi ifanye kazi kwa ukamilifu. Mate yakizimuliwa sana na maji ya mvua, kloraidi inapungua na kazi inazorota. Skuli za karibu na pwani zinazotumia maji ya kisima huenda hazijawahi kuliona tatizo hili, chumvi imo tayari.

Ustadh_Hesabu

Nina suali la kweli sasa, si la ubishi. Ramadhani ikiangukia wakati wa maandalizi ya mitihani, mnafanyaje? Wanafunzi hawataki kusukutua na kutema mate hovyo hovyo, na wazee wanalalamika.

Mwalimu_Kaskazini

Kusukutua tunasukutua kwenye udhu, na mate yanatoka, hayaingii. Lakini mwanafunzi akiwa na shaka simlazimishi, na la fiqhi namwachia masheikh. Mimi Ramadhani nahamia kwenye kimea. Mtama au mahindi yaliyooteshwa siku tatu nne mpaka mizizi itoke, yana amilesi ya kutosha. Na kihistoria huko ndiko tulikoanzia: mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa kwenye shayiri iliyooteshwa kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastesi. Hakuna mate yaliyohusika.

Faida nyengine ni kwamba amilesi ya kimea inapenda nyuzi 55 mpaka 65 hivi. Wanafunzi waliokariri kwamba 37 ndiyo nyuzi ya vimeng'enya vyote wanapata mshtuko mzuri.

Fundi_Maabara

Tahadhari moja ya kimea. Ukipima sukari kwa myeyusho wa Benedict, kimea kina sukari yake tangu mwanzo, kwa hiyo wekundu wa matofali utatokea hata kabla wanga haujaguswa. Pacha tena: kimea kilichochemshwa na wanga. Linganisha nani amekuwa mwekundu zaidi. Na ndimu kwenye Benedict ni balaa jengine, ina sukari, ina vitamini C, na asidi yake inauharibu myeyusho wenyewe.

Binti_Mkoani

Nimerudi. Tumefanya na siki badala ya ndimu, na mapacha. Pacha wa siki amebaki bluu, na yenye mate nayo imebaki bluu. Ina maana siki imezuia mate?

Mwalimu_Kaskazini

Naam. Amilesi ya mate inataka pH karibu na 7, kwenye siki haifui dafu. Ndio maana kazi yake inakoma chakula kikishalowana na asidi tumboni, ambako pepsini, kimeng'enya cha tumboni cha kukata protini, inachukua zamu kwa pH ya 2 hivi. Sasa fanyeni na siki iliyozimuliwa mara kumi, mara mia, mara elfu, mtafute inaanzia wapi kuruhusu.

Binti_Mkoani

Inshaallah Jumatatu. Na kimea tunakitengeneza vipi? Mtama hatuna, chooko zinafaa?

Mwalimu_Kaskazini

Chooko zinaota haraka lakini nguvu yake kwenye wanga ni ndogo. Tafuteni mtama sokoni, hata mahindi ya mbegu ambayo hayajatiwa dawa. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi, nyunyizia asubuhi na jioni. Mizizi ikifika urefu wa punje, saga na maji ya baridi yenye chembe ya chumvi, chuja kwa kitambaa, acha kitulie. Maji ya juu ndiyo kimeng'enya chenu, ule weupe ulioganda chini ni wanga, usiuchanganye. Na kitumike siku hiyo hiyo, kikilala kinachacha.